Jumapili ya Washenga

Mwanamke anayesubiri washenga huwa hana mkono wa kutulia. Ndivyo alivyokuwa Milembe alasiri ile ya Alhamisi, ameketi kwenye mkeka uani kwao, anachambua pamba. Pamba safi alitakiwa aiweke kulia na fifi, ile yenye madoa, aiweke kushoto, lakini kila mara mama yake alinyoosha mkono na kurudisha fungu mahali pake.

"Ng'wanone, mwanangu, hii ni fifi. Mwenye mizani akitukatalia nimwambie nini? Nimwambie binti anaolewa?"

"Mama, acha!"

"Nimesema uongo? Hata jogoo anajua."

Jogoo mwenyewe alikuwa amefungwa mguu kwenye nguzo ya ghala, mwekundu, mkia wa kujivuna, anadonoa punje za mtama kwa adabu kama mgeni aliyekaribishwa mezani. Alikuwa jogoo wa Jumapili. Siku hiyo, baada ya ibada, washenga wa Mzee Constantine wangeingia katika ua huu kuuliza habari za Milembe kwa ajili ya Januarius, kijana wao wa kwanza.

Benedikta, mama yake Milembe, alikuwa amelisalia jambo hilo rozari tangu masika, maana halikuwa jambo jepesi. Masele, mumewe, alikuwa kiongozi wa ngoma ya Wagalu. Mzee Constantine aliwahi kuongoza Wagika. Hayo ndiyo makundi mawili ya ngoma katika nchi ya Wasukuma, na mtu huzaliwa ndani ya moja kama anavyozaliwa ndani ya ukoo. Kila mwaka baada ya mavuno hushindana uwanjani, wakirushiana nyimbo za matusi ya kuchekesha, na mwenye kuvuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Watu wengi huyasahau matusi hayo vumbi likitulia. Wazee hawa wawili hawakuyasahau. Walisali kanisa moja, wakapokea komunyo moja, kisha kila mmoja akarudi nyumbani kwa njia yake. Hata Operesheni ya mwaka uliopita ilipowatoa watu wote kwenye makazi yao ya zamani na kuwapanga kwa mistari katika kijiji kipya, Wagika walijikuta upande wa barabara iendayo Bariadi na Wagalu upande wa lambo. Hakuna aliyewapanga hivyo. Walijipanga wenyewe.

Katikati ya pande hizo mbili, Mungu akaweka meza.

Ilikuwa meza ya kuandikisha wapiga kura. Mwaka ulikuwa wa uchaguzi, na Umoja wa Vijana ulitoa vijana wanne wa kuifanya kazi ile: Januarius akiwa kiongozi, rafiki yake Kasmiri, Zena binti wa mwenye duka kule mjini, na Milembe. Afisa mmoja kutoka mjini, Ndugu Khatibu, mtu mfupi mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na sauti ya taratibu, aliwasimamisha mbele ya shule, wakainua mikono yao, wakaapa. Hawatamwuliza mtu anampenda nani. Hawataegemea upande. Aliyefikisha miaka kumi na minane ataandikwa, asiyefikisha atasubiri. Kisha akawaambia waandikane wao kwa wao, wajifunze. Januarius akamwandika Milembe.

"Ulizaliwa lini, ndugu?"

Ndivyo walivyofundishwa kuuliza, na majibu hayakuwa tarehe. Watu walijibu kwa njaa, kwa nzige, kwa mafuriko, na mwandikaji akahesabu mwenyewe.

"Mama anasema nilikuwa mchanga mvua zilipobomoa nyumba ya bibi," Milembe alisema.

"Mvua zile zilizosomba ng'ombe wa padri?"

"Hizo hizo."

Januarius hakuandika. Aliinua macho. Yalikuwa macho ya mtu asiyekuwa na haraka, na Milembe aliyasikia usoni mwake kama mtu anavyolisikia jua la asubuhi kabla hajafumbua macho.

"Basi mimi na wewe tulinyeshewa na mvua moja," alisema.

Zena akakohoa. "Kiongozi, wino unakauka."

Tangu siku hiyo moyo wa Milembe haukurudi tena nyumbani kwao. Wiki iliyopita alipougua homa, meza ilipohamia upande wao wa lambo, Januarius alikuja kumtazama kila jioni kazi ilipokwisha. Aliketi mlangoni, mbali, kama kiongozi anayemjulia hali mwenzake, akanywa uji aliopewa na Benedikta. Hakusema mengi. Alimtazama tu mpaka Milembe akavuta kanga usoni.

"Kazi inaendaje upande wetu?" Milembe alimwuliza siku moja.

"Inaendelea. Wewe lala."

Naye akalala, na katika usingizi wa homa akamshukuru Mungu.

Sasa alikuwa amepona, na pamba ilikuwa haichambuliki. Ndipo Doto akaingia uani na fimbo yake begani.

"Mwadila, mayu," alisalimu.

"Mwadila, nyanda," Benedikta akajibu. "Mbona una fimbo kama unakwenda vitani?"

"Nina vita gani mimi? Mimi ni mtoto mdogo. Nimekuja kuomba uji."

Benedikta akacheka. Doto hakucheka. Alikuwa kijana mrefu, kifua cha mpiga ngoma, ndevu zimeanza kuchokoza kidevu. Kila mtu pale kijijini alimjua yeye na pacha wake. Kulwa alichukuliwa na mjomba wao tangu utotoni, akakulia upande wa barabara, akawa Mgika. Doto alibaki kwa baba, akawa Mgalu. Wakati wa mashindano ya ngoma watu walipenda kuwatania kwamba mama yao alitukanwa na pande zote mbili na hakujua amkasirikie nani.

"Kaa, Doto," Milembe alisema. "Umeudhiwa na nani?"

"Na nyinyi, dada. Nyinyi wa meza." Doto akaketi, fimbo magotini. "Ulipokuwa mgonjwa nilikwenda kujiandikisha. Nikaambiwa nina miaka kumi na sita. Nikaambiwa nirudi uchaguzi ujao."

"Na Kulwa?"

"Kulwa aliandikwa juma lile la kwanza, upande wa barabara. Ana kumi na minane."

Mkono wa Milembe ukasimama hewani na pamba yake.

"Nikawaambia, jamani, tulilala tumbo moja. Kasmiri akasema Kulwa ndiye mkubwa, alitangulia kutoka. Nikamwuliza, alitangulia miaka miwili? Mama yangu alikaa uzazini miaka miwili, watu wanamletea uji?"

Benedikta alitaka kucheka tena, akaangalia uso wa binti yake, akainamia pamba.

"Kasmiri ana mdomo," Milembe alisema haraka. "Kasmiri hajui kazi. Lakini Januarius alisemaje?"

Doto alichora mstari mavumbini kwa ncha ya fimbo. Alikuwa na huruma kijana yule, alijua anachokivunja.

"Januarius ndiye aliyekuwa ameshika kalamu, dada."

Hapakuwa na upepo, lakini pamba nyepesi iliruka kutoka mkononi mwa Milembe ikaanguka asikojua.

"Na siyo mimi peke yangu," Doto aliendelea. "Vijana wetu karibu wote bado wadogo. Wake walioolewa huku waliambiwa wakajiandikishe walikozaliwa. Mzee Ndaki, yule mwenye chongo, ameambiwa akajiandikishe kule alikotolewa na Operesheni. Kule kuna nani? Kuna magofu na fisi. Anauliza kama fisi nao wanapiga kura."

Milembe alisimama, akajifunga kanga kiunoni.

"Unakwenda wapi?" mama yake akauliza.

"Lamboni."

"Kuchota maji? Ndoo iko wapi?"

Lakini alikuwa amekwisha pita kwenye uwazi wa ua wa minyaa.

*

Alimkuta Januarius ananywesha ng'ombe wa jembe wa baba yake. Alipomwona, uso wake ulifunguka wote, kama nyumba inayofunguliwa mlango na madirisha kwa pamoja. Milembe alitamani kugeuka, aondoke na uso ule jinsi ulivyo, autunze.

"Umepona! Mbona unatembea juani? Njoo kivulini."

"Januarius, Doto ana miaka mingapi?"

Ng'ombe walikuwa wanakunywa kwa sauti. Mmoja aliinua kichwa, maji yakamchuruzika mdomoni.

"Doto yupi?"

"Kuna Doto wangapi hapa kijijini?"

Januarius alimshika ng'ombe pembe bila sababu, akaiachia.

"Kasmiri alisema anaonekana bado..."

"Sikuulizi habari za Kasmiri. Kasmiri haleti washenga kwetu."

Basi Januarius akaketi kwenye ukingo wa lambo, kichwa chini, akasema. Baba mdogo wake, Mashimba, alitaka ubunge. Wagalu walikuwa na mwalimu wao waliyemtaja. Hakuna aliyekuwa ameteuliwa bado, hata zile alama mbili za wagombea, jembe na nyumba, hazijagawanywa, lakini kila mwenye masikio alijua nani atakuja kushindana na nani. Siku Januarius alipomwambia baba yake kwamba anamtaka binti wa Masele, mzee alilizunguka zizi mara mbili.

"Kisha akaniambia: Nipeleke ng'ombe wangu kwa watu watakaomwangusha ndugu yangu? Wewe ndiye unayeshika kalamu. Wapunguze. Wakipungua, nitatuma washenga."

"Ukakubali."

"Nilikataa. Akaacha kula na mimi sahani moja. Mama akawa analia jikoni. Kisha wewe ukaugua, Milembe. Nikakuona umelala vile, nikasema, huyu atakufa sijamwoa, na mimi nahesabu miaka ya watu."

"Kwa hiyo jioni zile ulipokaa mlangoni kwetu, mchana ulikuwa umetoka kumfukuza Doto."

Januarius aling'oa nyasi za ukingoni.

"Ukanywa uji wa mama."

"Nilikunywa."

"Ulikuwa mtamu?"

"Milembe, usiniue." Sauti yake ilikatika. "Nilifanya kwa ajili yako."

"Usinitwike. Mimi sikukutuma."

Alikuwa hajawahi kumwona mwanaume akilia bila kuficha uso. Januarius hakuficha. Milembe alisimama mbali naye kiasi cha jamvi moja, na jamvi lile likawa pana kuliko lambo. Mikono yake ilitaka kwenda kumfuta machozi. Aliifunga ndani ya kanga.

"Ndugu Khatibu anakuja Jumamosi kuchukua vitabu," Januarius alisema hatimaye. "Nikimwambia ukweli, atarudisha meza, watu wenu wataandikwa. Lakini baba hatatuma mtu Jumapili. Hatatuma Jumapili yoyote. Sema wewe. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza, tutaoana, tutazaa, tutatubu. Ukisema niseme, nitasema."

Mungu anajua jinsi Milembe alivyotaka kusema nyamaza. Neno lenyewe lilikuwa limefika kwenye ulimi. Alimwona jogoo mwekundu, alimwona mama yake amevaa gauni la kanisani, alijiona mwenyewe akitembea kutoka upande wa lambo kwenda upande wa barabara, watoto wakimwimbia nyuma.

"Usiuweke mkono wangu juu ya kalamu yako," alisema. "Ulipoinua mkono mbele ya shule, uliuinua peke yako, nami niliuinua wangu. Jumamosi nitakwenda kwa Ndugu Khatibu. Uwepo usiwepo."

Akageuka. Hakutazama nyuma mpaka alipofika kwenye minyaa ya kwao, na alipotazama, ng'ombe walikuwa wamekwisha shiba, wanamsubiri mtu wa kuwarudisha.

*

Jioni Masele aliipata habari yote wakati wa chakula. Milembe alitegemea hasira. Baba yake alicheka.

"Constantine! Kumbe ananiogopa hivyo!" Akamega ugali, akautia kwenye mlenda, akatafuna kwa furaha. Kisha akamkazia binti yake macho. "Vizuri. Meza ikirudi, na wale wapiga manyanga wangu uwaandike. Wadogo wale wa ngoma."

"Baba, wale hawajafika."

"Wana kumi na tano, wana kumi na nane, nani alikuwepo? Wao wamepunguza, sisi tuongeze. Mizani itakaa sawa."

"Niliapa, baba. Niliinua mkono."

"Mkono huo nimeulisha mimi."

"Ndiyo, baba. Na ulinifundisha nao ishara ya msalaba."

Masele aliacha kutafuna. Alimtazama kama mtu aliyekuta mbuzi wake anasema. Akanawa, akatoka, hakurudi kumaliza ugali.

Benedikta alisubiri mumewe afike mbali. Alisogea karibu na binti yake, akaongea kwa sauti ya chini, ile ya kuombea wagonjwa.

"Mwanangu, kura hupigwa siku moja. Ndoa ni mpaka kifo. Nyamaza. Kijana ametenda kosa, nani hajatenda? Ataungama kwa padri, Mungu atamsamehe."

"Nitamtazamaje Doto, mama?"

"Doto ataoa, atasahau."

"Na Januarius? Kila nikimwekea chakula, nitamtazamaje?"

Benedikta alichukua rozari yake kwenye msumari, akaanza, naye Milembe akapiga magoti kando yake akaitikia. Lakini kila alipofika kwenye "utusamehe makosa yetu" alikwama, maana hakujua anaomba msamaha kwa alilotenda au kwa atakalotenda.

*

Jumamosi alikwenda shuleni amekwisha panga maneno. Hakuyatumia.

"Umechelewa, binti," Ndugu Khatibu alisema. "Mwenzako nimemkuta amekaa kwenye ngazi hapa, ananisubiri. Amesema yote."

Januarius alikuwa amesimama nyuma ya meza, shati lake la kanisani limepigwa pasi. Hakumtazama.

"Uongozi nimemwondolea," afisa akaendelea, "na Kasmiri nimemrudisha kwao. Lakini huyu shimo amelichimba yeye, atalifukia yeye. Ataandika kila aliyemkataa. Wewe utakaa hapa pembeni, umsimamie. Akiegemea kulia, unaniita. Akiegemea kushoto, unaniita vilevile."

Basi wakaketi pamoja, meza moja, viwiko vyao vimekaribiana, kama siku zile. Watu wa upande wa lambo wakaja, wengine wamenuna, wengine wanacheka. Doto alikuwa wa kwanza.

"Ulizaliwa lini, ndugu?" Januarius akauliza. Sauti ilikuwa kavu.

"Sijui. Ila siku ya Uhuru baba alitubeba mabegani tuone bendera. Mimi bega la kulia, Kulwa bega la kushoto. Tulikuwa tumekwisha anza kuchunga ndama, na Kulwa alimng'ata baba sikio."

Watu wakaangua kicheko.

"Kumi na minane," Januarius akasema, akaandika. "Nisamehe, Doto."

"Nimekua haraka wiki hii," Doto akajibu. Lakini alipochukua kadi yake aliishika kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kwa mkwe. "Wabeja," akashukuru.

Walikuja wake walioolewa. Alikuja Mzee Ndaki, akataka aandikiwe kwamba anaishi hapa, na fisi waandikwe kule. Milembe alitaja majina, Januarius akaandika. Mbali na majina na miaka hawakuambiana neno. Mara moja mkono wa Januarius ulimgusa akichovya kalamu, wote wawili wakavuta mikono kama walioguswa na kaa la moto.

Mchana ulipoanza kupungua, Mzee Constantine akatokea barabarani juu ya baiskeli yake. Alisimama. Hakusalimu. Alimtazama mwanawe, akamtazama binti wa Masele ameketi kando yake, akautazama mstari wa Wagalu waliosimama mbele ya meza wakingoja kuandikwa na mtoto wake. Akaigeuza baiskeli. Hakuipanda, aliisukuma kwa mkono njia nzima ya kurudi, kama mzee aliyesahau ghafla jinsi ya kuendesha.

"Basi," Januarius alisema taratibu.

"Andika," Milembe akamwambia, macho kwenye kitabu. "Watu wanasubiri."

Wa mwisho kabisa alikuwa mpiga manyanga mmoja wa Masele, sauti haijavunjika vizuri.

"Ulizaliwa lini, ndugu?"

"Mzee Masele amesema nina kumi na minane."

"Bado," walisema Januarius na Milembe kwa pamoja, kwa sauti moja.

Wakatazamana. Ndiyo mara pekee siku ile. Yalikuwa macho yaleyale yasiyo na haraka, sasa mekundu, na Milembe alijua kwamba hakuwahi kumpenda kama alivyompenda saa ile, mtu huyu aliyeanguka akainuka mbele ya watu, na kwamba saa hiyohiyo ndiyo alikuwa anampoteza.

*

Hata hivyo Jumapili Benedikta hakukubali kwamba yamekwisha. Waliporudi kutoka kanisani alifagia uani, akapanga viti vya miguu mitatu kivulini, akabandika maji ya kumnyonyolea jogoo. "Moyo wa mtu ni wa Mungu," alisema. "Anaweza kuugeuza njiani." Masele naye, bila kusema kitu, alivaa koti lake. Aliketi kwenye kiti chake akitazama barabara, na kila mara baiskeli ilipopita aliweka sawa kola.

Hakuja mtu. Kivuli kilihama, Benedikta akavihamisha viti kukifuata. Kilihama tena, akavihamisha tena.

Jua lilipokuwa limeegemea, Januarius alitokea kwenye uwazi wa minyaa, mzigo mdogo begani. Alisimama palepale nje. Wiki iliyopita aliweza kuingia, alikuwa kiongozi anayemtazama mgonjwa. Leo kila mtu alijua alichokuwa anakitaka ndani ya ua ule, na kijana hawezi kuingia kwa wakwe bila wazee kumtangulia.

"Mwadila," alisalimu kutoka nje.

Masele alichelewa kujibu. Alikuwa Masele yule aliyetukanwa kwa nyimbo na baba wa kijana huyu miaka na miaka.

"Mwadila," akajibu. Kisha, bila kumtazama binti yake: "Mpelekee maji ya kunywa. Ni mpita njia."

Milembe alichota maji kwa kata, akayapeleka mpaka kwenye minyaa, akayapitisha upande wa pili. Januarius alikunywa yote polepole. Alikuwa hana kiu, na wote wawili walijua.

"Baba amesema nisilale kwake tena," alisema. "Nakwenda Kiloleli kwa mjomba. Kuna mashamba ya mpunga."

"Mbali."

"Siyo mbali sana kwa mwenye miguu."

"Sikukutuma kusema," Milembe alisema. "Ile Alhamisi. Jana ulisema mwenyewe?"

"Mwenyewe. Niliketi kwenye ngazi zile kabla hujafika, ili ujue hukunituma."

Alitaka kumwambia mengi, lakini mama yake alikuwa anawatazama, baba yake alikuwa anajifanya hawatazami, na mkono wake ulikuwa umeshika kata tupu ambayo bado ilikuwa na joto la mkono wa Januarius.

"Utarudi?"

"Siku ya kupiga kura. Nimeandikwa hapa. Siwezi kupiga kwingine."

"Basi nitakuwa kwenye mstari wa wanawake."

"Nitakuona."

Milembe alimeza machozi. "Utampigia nani?"

Januarius akamtazama, na pembe ya mdomo wake ikatikisika kidogo.

"Uliapa usimwulize mtu," alisema.

Akarekebisha mzigo begani. Alimuaga Masele kwa kuinamisha kichwa, akamuaga Benedikta, lakini Milembe hakumuaga. Akashika njia ya machweo, kuelekea ziwani. Milembe alimtazama mpaka shati lile la kanisani likawa doa jeupe kama pamba iliyodondoka barabarani, kisha halikuwepo.

Aliporudi uani baba yake alikuwa amevua koti. Amelikunja magotini, analipapasa mstari wa bega kana kwamba ndilo lililoumia.

"Ni kijana wa heshima," Masele alisema, kwa sauti ya mtu anayelaumu. Hakuna aliyejua anamlaumu nani.

Benedikta aliyaepua maji. Alianza kurudisha viti ndani, kimoja kimoja, naye Milembe akamsaidia. Kilipobaki kimoja mama alisimama mlangoni, mgongo wake umegeuka.

"Mfungue jogoo," alisema.

Milembe alipiga magoti kando ya nguzo ya ghala, akaitafuta ncha ya kamba mguuni. Fundo lilikuwa limekaza, ikabidi alifungue kwa meno. Akaitoa kamba, akasogea pembeni ili jogoo apite.

Jogoo hakwenda. Alibaki amesimama palepale, akizungusha kichwa, mguu mmoja ameuinua, na Milembe akakaa chini mavumbini kando yake, akalia.